Friji ya Mama Kanga

Zamani za juzijuzi, stima ilipokwisha kufika kila kichaka, wanyama wa Loresho walikuwa na mji wao ndani ya mji wa watu. Ulianzia kwenye miti ya Lower Kabete Road, ukateremka nyuma ya nyua hadi kijito cha Kibagare, kisha ukapanda upande wa pili kuelekea Kangemi. Chifu wao alikuwa Kwarara, yule ndege ambaye kila aliyelala Nairobi amewahi kuamshwa na kelele zake kabla ya jua kutoka. Mzee wa baraza alikuwa Kobe. Fundi wao alikuwa Nungunungu, mwenye kibanda chini ya mkuyu. Hakuhitaji sanduku la zana, kwani bisibisi, sindano na vijiti vya kupimia vyote alivichomoa mgongoni mwake.

Mfanyabiashara mkubwa wa bonde hilo alikuwa Sungura. Kila mtoto alikuwa amekua akisikia jinsi Sungura alivyomlaghai Fisi, akamchezea shere Ndovu, akamtumbukiza Simba kisimani. Walicheka hadi machozi. Kwa hiyo alipofungua duka la vyombo vya stima, walikwenda kununua kwa fahari, maana mwerevu wao amefaulu. Hakuna aliyewaza kwamba katika kila hadithi ya ujanja wa Sungura yupo aliyeumia, na kwamba zamu hii ya kuumia ingewafikia wao.

Wa kupiga debe alikuwa Kasuku, mwenye manyoya ya kijivu na mkia mwekundu, aliyetoroka kizimba katika nyumba moja ya Kitisuru. Kasuku hakuwa mwongo. Alirudia tu alichokisikia, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya aliyelisema. Sungura alimfundisha maneno machache, akamlipa kwa karanga, akamweka mlangoni mchana na kumlaza ghalani usiku. Kutwa nzima bonde likasikia: "Chukua leo, tumia maisha! Chukua leo, tumia maisha!"

Mama Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga saba, akiuza mala kwa wapita njia wa asubuhi. Mala ikikosa baridi huharibika upesi, na kila jioni alimwaga iliyobaki. Akajiunga na chama cha kina mama wa kijitoni, akatoa mchango wake kila wiki bila kukosa, na zamu yake ya kupokea ilipofika alikwenda moja kwa moja kwa Sungura na shilingi 38,000 zilizofungwa kwenye pindo la leso.

"Karibu, mama," Sungura akamwambia. "Hii ndiyo friji ya kisasa. Ona taa zake. Ukitaka baridi izidi, unagusa hapa tu."

"Itadumu?"

"Ina waranti ya mwaka mzima, mama."

"Na ikiharibika mwaka ukishapita?"

Sungura akatabasamu. "Mama, mbona unaitabiria mabaya friji ambayo hata hujaifikisha nyumbani?"

Mama Kanga akaona haya, akafungua leso, akalipa.

Friji ilifanya kazi vizuri. Mala sasa ilikaa, wateja wakaongezeka, vifaranga wawili wakubwa wakaanza shule. Mwezi wa kumi na tatu, usiku mmoja, zile taa za rangi zikapepesa, zikazima. Asubuhi Mama Kanga alifungua mlango akapigwa na joto na uvundo wa maziwa yaliyooza. Yalikuwa maziwa ya wateja wa wiki nzima, na nusu yake alikuwa ameyachukua kwa mkopo.

Alikwenda dukani mbiombio. Sungura akaikagua risiti kwa makini. "Pole sana, mama. Waranti iliisha mwezi jana. Na hata ingekuwa haijaisha, hii imeunguzwa na stima. Umemsahau yule tumbili wa Gitaru?"

Hakuna mnyama aliyemsahau. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikazima, mitambo mingine ikazidiwa na mzigo, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na karibu nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Tangu siku hiyo ukoo wake haukupata raha. Pasi ikiungua, ni tumbili. Blenda ikitoa moshi, ni tumbili. Sungura alikuwa amepata wa kubebeshwa kila kasoro ya duka lake.

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Bodi mpya ni shilingi 24,000. Lakini mimi ningekushauri, mama, uongeze kidogo uchukue friji nyingine. Ile pale ndiyo ya mwaka huu."

Mama Kanga hakuwa na cha kuongeza. Aliipakia friji yake mkokotenini, akateremka nayo hadi chini ya mkuyu.

Nungunungu aliigeuza akatazama mgongo wake. Skrubu zilikuwa za kichwa cha pembe tatu, ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki. Akachonga mwiba wake mmoja mpaka ukaingia. Nyuma ya bamba akaikuta bodi, ndogo kuliko kiganja cha Kima, imemwagiwa gundi nyeusi iliyokauka kabisa. Akaanza kuipasha moto na kuibambua kidogo kidogo, na mchana ukamwishia hapo. Chini ya gundi, pembeni, akakiona alichokuwa akikitafuta. Kilikuwa kikopo cha kapasita kisichozidi ncha ya kidole, kimevimba kichwa, na kwenye ufa wa kichwa hicho umetoka utando wa rangi ya kahawia.

"Sogea uone, mama. Soma hapo ubavuni."

"Nyuzi 85."

"Zipo za nyuzi 105. Umbo ni lilelile, kazi ni ileile, bei inapishana kwa shilingi chache. Ndani ya kikopo hiki mna majimaji, na joto huyakausha. Aliyeiunda bodi hii alichagua cha nyuzi 85, kisha akakipanda jirani kabisa na kipande chenye joto kuliko vyote. Mtu anayejua kuunda bodi anajua pia kwamba kitakauka. Alichobaki kuhesabu ni miezi."

"Utaiponya?"

"Kubadilisha kikopo ni kazi ya robo saa. Tatizo ni hii gundi. Nilipoibambua imeng'oka na njia za shaba zilizo chini yake. Watakwambia gundi imewekwa kuzuia unyevu. Unyevu huzuiwa na rangi nyembamba ya kupaka, na rangi hiyo fundi anaweza kuikwangua. Gundi nene namna hii inanizuia mimi."

Habari zikapanda bonde, na kesho yake mkuyu ukazungukwa. Kima alileta blenda ambayo mota yake ni nzima, ila kile kigurudumu cha plastiki kinachounganisha mota na kisu kimesagika meno. Sungura hakuuza kigurudumu. Aliuza blenda nzima. Paa alileta mashine ya kufulia inayonguruma kwa sababu beringi moja imekwisha, na pipa lililoificha beringi hiyo limeunganishwa pande zote, halifunguki bila msumeno. Komba alileta taa ya kuchaji ambayo betri yake imezikwa ndani ya plastiki isiyo na mlango. Kila chombo kilikuwa kimepatwa na ugonjwa mdogo, na kila kimoja kilikufa kwa kuwa hakifunguki.

Mzee Kobe alifika mwisho, kama kawaida yake, akiwa na redio ya mbao mgongoni. Haikuwa imeharibika. Alitaka tu waione. Nungunungu akalegeza skrubu nne za nyuma, akatoa kifuniko. Upande wa ndani kiwanda kilikuwa kimebandika karatasi yenye mchoro wa saketi yote, kila kipande na namba yake, herufi zimefifia lakini zinasomeka.

"Aliyeitengeneza alijua kuna siku itaharibika," Kobe akasema. "Kwa hiyo alimwandikia barua fundi asiyemjua."

Jioni hiyo Chifu Kwarara akapaaza sauti kutoka mti hadi mti. Jumamosi, baraza.

Sungura hakukwepa. Alikuja amevaa vizuri, Kasuku begani, akawasalimu wote kwa adabu. "Chifu, wazee, kina mama, nimesikia malalamiko. Mimi nauza vitu vizuri. Adui yetu sote ni stima, na nani asiyejua nani aliiharibu stima ya nchi hii?"

Macho yakamgeukia Tumbili. Naye akasimama. "Ndugu yetu wa Gitaru alianguka mara moja. Haikupita siku, stima ikarudi. Redio ya Mzee Kobe ilikuwa kwenye plagi siku hiyo, na tangu hapo haijawahi kunyamaza. Ajali moja ya mwaka 2016 itaua friji ngapi?"

Nungunungu akaomba nafasi. "Chifu, stima yetu ina makosa, sikatai. Inatakiwa kuwa volti 240. Jioni, watu wakipika, inashuka, na ikipotea halafu irudi, inaruka. Friji ikizimika na kuwaka papo hapo, kompresa hulazimika kusukuma gesi ambayo shinikizo lake halijatulia, ndiyo maana kina mama hununua kile kidude cha kuingojesha friji dakika chache. Yote hayo Sungura anayajua. Friji hizi hakuzileta ziuzwe mwezini, alizileta ziuzwe Loresho. Anayeuza mwavuli hawezi kuilaumu mvua."

Sungura akabadilisha njia. "Haya. Lakini mnapoingia dukani, neno lenu la kwanza ni punguza bei. Nimewapa bei mliyoitaka. Kitu cha kudumu kina gharama yake."

Baraza likanyamaza, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Mama Kanga ndiye aliyeinuka. Hakuwa mzungumzaji, na sauti ilimtetemeka mwanzoni.

"Mimi sikukuuliza bei kwanza, mwanangu. Nilikuuliza kama itadumu, ukanitia haya mbele ya wateja. Nilitoa 38,000. Maziwa yaliyooza nayalipa mpaka leo. Sasa unaniambia nitoe tena kama zile. Hiyo ndiyo bei yako ya chini, mara mbili, pamoja na deni. Walioko juu kilimani friji ikiwazimikia wanaagiza nyingine kabla ya chakula cha jioni. Sisi wa kijitoni friji ikituzimikia, mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kitu kibovu hakituumizi sawasawa. Hata huko kilimani, mtumishi anayefua kwa mikono mashine ikifa ni mwenyeji wa huku chini."

Kina mama wa chama wakapiga vigelegele. Sungura akangoja vitulie, kisha akatoa hoja aliyokuwa ameiweka akiba. "Mnanionea. Dunia nzima iko hivi. Vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo, havidumu. Ni maumbile ya zama."

Kwenye waya wa stima alikuwa ametua Mbayuwayu, anayekuja kila mwaka baridi inapoingia Ulaya na kurudi huko mvua za masika zikianza. Akasema, "Chifu, nina habari ya maumbile hayo. Babu zetu walikuwa na viota chini ya mapaa ya Geneva, Uswisi. Mwezi wa Desemba mwaka 1924, wenye viwanda vikubwa vya balbu walikutana mjini humo. Walikuwamo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi, na kampuni zilizofungamana na General Electric ya Marekani. Wakaunda umoja wakauita Phoebus. Balbu za wakati ule ziliweza kuwaka saa 1,500 hata 2,000 na zaidi. Wao wakapatana kwamba isizidi saa 1,000. Kila kiwanda kikawa kinapeleka balbu zake kupimwa, na kilichokutwa na balbu inayodumu kupita mapatano kikatozwa faini. Wataalamu waliokuwa wakilipwa kurefusha uhai wa balbu wakaanza kulipwa kuufupisha. Vita vya mwaka 1939 ndivyo vilivyouvunja umoja wao."

"Walikuwa na sababu," Sungura akadakia. "Balbu inayowaka kwa nguvu huangaza zaidi na hufa mapema."

"Ni kweli, na mteja angeambiwa hivyo akachagua mwenyewe mwanga au umri. Hoja ya mwanga haihitaji faini wala mapatano ya chumbani. Basi, Chifu, haya si maumbile. Ni makubaliano ya wenye mali, na makubaliano huvunjwa na makubaliano mengine. Mwaka 2015 Ufaransa ilitunga sheria kwamba kukifupishia kitu maisha kwa makusudi, ili mtu akanunue kingine, ni kosa la jinai. Mwaka 2021 ikaanza kumlazimisha anayeuza simu, televisheni au mashine ya kufulia nchini humo kuandika, kwa alama kati ya 10, jinsi kitu hicho kinavyotengenezeka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya haki ya kutengenezewa. Kama ni maumbile, yamebadilikaje kwa kura?"

Mzee Kobe akainua kichwa. "Vijana, nisije nikaeleweka vibaya kwa sababu ya redio yangu. Vya zamani havikuwa vizuri vyote. Hii mnaiona kwa kuwa imesalia. Zilizokufa mmezisahau. Tena wakati ule walioweza kununua redio walihesabika kwa vidole, na leo Mama Kanga wa kijitoni anaweza kununua friji. Hilo ni jambo jema na sitaki lirudi nyuma. Mimi siililii zamani. Ninalilia zile skrubu nne."

Kisha akasogea mbele mgeni ambaye wengi hawakupenda kukaa karibu naye, kwa harufu yake. Alikuwa Korongo wa jaa la Dandora, mwenye shingo tupu na mfuko kifuani. "Nyinyi mnaviona vitu vikizimika. Mimi naviona baadaye. Malori yakimwaga, vijana huchambua, huwasha moto, wakachoma nyaya ili wapate shaba. Moshi wake ni mweusi na unakaa chini. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapo Gigiri, lilitoa matokeo ya kuwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma jirani na jaa letu. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kilichokubaliwa. Sisemi risasi yote ilitoka kwenye friji. Nasema kila bodi iliyolehemiwa inaongeza yake. Sungura, kitu chako kikizimika Loresho kinaendelea kuishi Dandora, vifuani mwa watoto wasiowahi kunywa hata maji baridi kutoka ndani yake."

Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele. Hata Sungura aliinamisha masikio kidogo. Lakini akajikaza. "Haya ni masikitiko, si ushahidi. Ni nani hapa anayeweza kuthibitisha kwamba mimi nilijua?"

Nungunungu akainua ile bodi juu ili wote waione. "Mimi nina hii gundi."

Kasuku, aliyekuwa akisinzia begani, alisikia neno hilo akafumbua macho. Na kwa sauti ya Sungura, ileile, na kikohozi chake kidogo, akasema: "Gundi kila mahali. Fundi asipate pa kuanzia. Mwaka mmoja unatosha, wa pili watarudi wenyewe."

Baraza likawa kimya. Kasuku akaendelea kwa sauti ya mtu mwingine, nzito, ya mwenye kiwanda: "Tukiweka cha nyuzi 105 kitaongeza shilingi 10." Kisha tena kwa sauti ya Sungura: "Weka cha 85." Alipomaliza akageuka upande mwingine, akaomba karanga.

Chifu Kwarara alikaa muda mrefu bila kupiga kelele. Hatimaye akamwita Panya, aliyelelewa ndani ya kabati la wakili mmoja wa Westlands. "Sheria za watu zinasemaje juu ya jambo hili?"

"Chifu, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, ana haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua, na ana haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012. Na Shirika la Viwango lipo tangu mwaka 1974."

"Kumbe yapo yote hayo. Mbona Mama Kanga hayajamfaa?"

"Sheria haijipeleki barazani yenyewe, Chifu. Humngoja aliyekosewa aishike mkono. Na aliyekosewa akiambiwa ni tumbili, akaamini, sheria hulala kabatini na mimi nikailalia."

Hapo ndipo Mnana jike, mdogo kuliko wote waliokuwapo, aliposhuka kutoka mgunga. "Naomba niseme tunavyofanya sisi. Kwetu mume ndiye mjenzi. Husuka kiota, akaning'inia chini yake akipigapiga mabawa na kuimba sifa zake. Anaimba vizuri kuliko Kasuku. Sisi hatujibu wimbo. Tunaingia ndani. Ninashika jani moja kwa mdomo, navuta. Nashika la pili, navuta. Likichomoka, naondoka bila ugomvi. Kiota kikikataliwa mara nyingi na majani yakianza kukauka, mwenyewe hukibomoa kipande kwa kipande akajenga kingine palepale. Hakuna mume aliyewahi kuniambia naitabiria nyumba yake mabaya. Wote wanajua nitavuta, na kwa sababu wanajua, wanasuka vizuri tangu jani la kwanza."

Kobe akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali. "Tumesifu wimbo miaka yote. Kuvuta hatukuvuta."

Hukumu ikatoka kabla ya giza. Sungura amtengenezee Mama Kanga friji yake kwa gharama yake, amlipe na maziwa. Kisha zikawekwa kanuni tatu za bonde zima. Ya kwanza, hakuna chombo kitakachouzwa kabla hakijafunguliwa mbele ya mnunuzi kwa bisibisi ya kawaida na kufungwa tena kikiwa kizima. Ya pili, anayeuza chombo atauza na spea zake, kimoja kimoja, miaka yote atakayosema chombo hicho kitadumu. Ya tatu, miaka hiyo ataiandika, maana maneno ya mlangoni si mkataba. Na ukoo wa Tumbili uombwe radhi hadharani.

Mwezi wa kwanza Sungura alipata hasara. Ghala lake lilikuwa limejaa vitu visivyofunguka, na wanyama waliingia dukani na bisibisi mkononi, wakajaribu, wakatoka bila ugomvi. Mwezi wa pili akawaandikia wenye viwanda: nipeni zenye skrubu, nipeni za nyuzi 105, nipeni na michoro. Wakamwambia itazidi kidogo. Akasema izidi. Sungura hakugeuka mtakatifu. Alibaki mjanja vilevile, ila sasa faida ilikuwa imehamia upande wa vitu vinavyodumu, na ujanja hufuata faida. Foleni ikarudi mlangoni kwake, ndefu kuliko ya kwanza, kwa sababu hata wa Kangemi na Mountain View walikuja. Nungunungu akachukua wanafunzi wanne, akawafundisha kulehemu, kupima na kusoma michoro. Kasuku akafundishwa tangazo jipya: "Ifungue kwanza! Ifungue kwanza!"

Hadithi ya wanyama inaishia hapo. Yetu inaendelea. Tunayo Katiba ileile aliyoilalia Panya. Tunayo sheria ileile ya mwaka 2012. Tunao mafundi, Luthuli Avenue, Kamukunji na katika vibanda vya kila kituo cha matatu, vijana wanaoweza kuufufua mtambo kwa mikono na uzoefu, bila mchoro wala spea halali. Mafundi hao wamefungiwa nje na kiwanda, kisha sisi wenyewe tukawafungia mara ya pili kwa kuwaona watu wa mwisho wa kwenda kwao, na kuwapunja hata ujira wa kutuokolea maelfu. Kila pasi tunayoitupa bila kuifungua inamfundisha aliyeiunda kwamba alihesabu sawasawa.

Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta, lakini onyo hilo lilidhani ufa unafikika. Siku hizi ufa unafunikwa tangu kiwandani, ili ukuta uanguke kwa wakati uliopangwa. Kudai ufa huo uonekane si kudai hisani. Kila mnunuzi ana mdomo wa Mnana, na duka lililoko Loresho au mjini halina budi kumsikia akiutumia. Dai risiti na uitunze. Dai waranti iliyoandikwa, isomwe mbele yako. Uliza spea zinapatikana wapi, na ikiwa muuzaji hazijui, hilo nalo ni jibu. Kikiharibika kabla ya wakati, kirudishe dukani na Ibara ya 46 mkononi, hata kama waranti imeisha jana. Na kabla ya kuuliza bei ya chombo chochote cha stima, uliza kinafunguliwaje. Ukikosa jibu, kiache palepale dukani.